Udongo Ulioshiba

Sehemu ya Sita

Tulipoachana wiki jana, Kipimo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, mkate kwapani, macho yamemtoka pima. Hakuwa amemfumania mkewe na mwanamume. Afadhali ingekuwa hivyo, angejua pa kuanzia. Alichokiona kilikuwa kijiti cha udongo juu ya meza ya cherehani, kirefu kama kidole cha shahada, kimeng'atwa ncha. Na kwa mwanga wa dirisha, pale kilipong'atwa, udongo ule ulikuwa na kijani.

Kijani kile Kipimo anakijua vizuri. Miaka saba amekiangalia pale kituo cha maji cha mgodini. Maji yanayotoka shimoni huja machafu, yamebeba shaba, risasi na ndugu zao wengine wabaya. Humwagiwa udongo mbichi, udongo wa kawaida tu wa kufinyangia vyungu, yakakorogwa, na udongo ukang'ang'ania yale madini kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, ukazama nayo. Maji safi yakaenda zake mtoni. Ule udongo unaobaki chini ya tangi wafanyakazi wanauita "ulioshiba". Shaba huutia kijani kidogo, lakini risasi iliyomo ndani haionekani kwa macho. Vijiti vichache hukaushwa tanurini vipimwe, udongo uliobaki huzikwa kwenye shimo la saruji. Hauchezewi, hauchukuliwi, sembuse kuliwa.

Na mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameketi mbele ya kijiti kile, midomo ina vumbi.

"Tema!" Kipimo alifoka.

"Niteme nini?"

"Fungua kinywa, nimesema!"

Mkewe alifungua kinywa. Kilikuwa kitupu. Akakifunga, akamtazama mumewe kuanzia buti mpaka kofia.

"Baba Kijacho, umepatwa na nini? Umetoka kazini saa sita mchana kuja kunikagua meno?"

"Huu udongo. Nilikuletea vijiti sita Ijumaa. Vingine viko wapi?"

Mke aliinamisha uso kwenye gauni alilokuwa analikunja pindo. Alichukua muda kidogo kujibu, na kama Kipimo angekuwa na akili zake, angeuona muda ule. Hakuuona.

"Nimekula," alisema. "Kwani sasa umeanza kunihesabia? Si wewe mwenyewe unayeniletea kila wiki, unasema huo ndio safi kuliko wa sokoni?"

Ni kweli. Tangu hamu ya udongo ilipomshika mkewe, Kipimo ndiye aliyempelekea vijiti vya udongo mbichi kutoka kituoni, uliochekechwa, ukakaushwa kwenye tanuri, hauna hata punje ya mchanga. Kuutoa nje ya geti ni kosa la kufukuzwa kazi. Lakini mke akitamani, mume afanyeje?

Vijiti vitano. Kipimo alijua vitano vina nini ndani yake.

Hapa ndipo, msomaji wangu, ningekuwa karibu ningemshika shati nimtingishe. Palikuwa na jambo moja tu la kusema, nalo lilikuwa limemfika ulimini. Kipimo akamtazama mkewe, akaliangalia lile tumbo lililokuwa limegusa ukingo wa meza, akaona haya, akaogopa.

"Umeingia ukungu," alisema. "Usile tena. Naurudisha."

"Ukungu ndio wa kunipigia kelele vile? Umenishtua na mtoto wako!"

"Nisamehe."

Akakitia kile kijiti mfukoni, akautua mkate mezani, akatoka mbio. Pikipiki iliwaka kwa teke la tatu. Njia nzima alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu, na kabla hajafika getini alikuwa amempata.

* * *

Mzee Stoo, mtunza stoo wa kituo, alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wake akinywa chai. Miwani yake imefungwa uzi nyuma ya sikio, na amebakiza miezi minne astaafu.

"Mzee, umeniua!" Kipimo alipiga kelele kabla hajashuka kwenye pikipiki.

"Nimekuua, na bado unapiga kelele hivyo? Maiti wa wapi wewe?"

"Usinitanie! Ule udongo ulionipa Ijumaa ulikuwa ulioshiba. Mke wangu ameula! Vijiti vitano, mzee, vitano!"

Wakorogaji wawili wa tangi la kwanza waliacha kazi wakageuka. Dereva wa lori la udongo akashusha kioo. Mzee Stoo aliweka kikombe chini polepole.

"Mkeo mwenye mimba?"

"Huyo huyo! Umri umekuzidi, macho huna, kwa nini usikae nyumbani?"

Maneno hayo Kipimo alikuja kuyajutia, lakini wakati ule yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mzee hakujibu ukali kwa ukali. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mwanangu," alisema, "Ijumaa mimi sikuwepo. Nilikwenda kumzika shemeji yangu. Stoo ilishinda na kufuli. Waulize hawa."

Wale wakorogaji wakaitikia kwa vichwa. Na hapo Kipimo akakumbuka. Kufuli. Alikuwa amesimama mbele ya kufuli hilo hilo Ijumaa jioni, ana haraka, mkewe amempigia simu mara mbili. Kwa hiyo alikwenda chumba cha tanuri akajichotea mwenyewe kwenye trei ya juu.

Kituo kizima kinajua utaratibu wa tanuri. Trei ya juu ni ya udongo mbichi, trei ya chini ni ya ulioshiba. Imekuwa hivyo tangu tanuri linunuliwe, na mtu anaweza kuchukua kijiti huku amefumba macho.

"Basi kuna mtu kabadilisha trei!" alisema Kipimo. "Nikimjua, wallahi hatanisahau!"

"Njoo nikuonyeshe mtu huyo," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Mkemia. Mama mfupi, koti jeupe, mkubwa wake wa kazi, mtu asiyepandisha sauti hata kengele ya hatari ikilia. Alikuwa amesikia kila kitu. Kipimo akamfuata mpaka chumba cha tanuri, mle ndani ambamo balbu moja ya njano huufanya kila udongo uonekane sawa. Ukutani, kwenye msumari, palining'inia karatasi ya zamu. Mkemia akaweka kidole kwenye mstari wa Alhamisi.

"Soma."

Kipimo alisoma kimoyomoyo. Mkemia akakataa kwa kichwa.

"Kwa sauti."

"Waya wa chini umeungua," Kipimo alisoma, na sauti ikaanza kumpungukia. "Ulioshiba wa tangi la nne una maji mengi. Nimeuhamishia trei ya juu ukauke upesi. Mbichi chini, mpaka fundi umeme aje."

Chini ya maneno hayo palikuwa na sahihi. Ilikuwa yake.

Jamani! Yeye ndiye aliyebadilisha trei. Aliandika, akatia sahihi, akajiambia kesho asubuhi atatundika kibao cha tahadhari mlangoni mwa tanuri, na kibao hakukitundika. Siku iliyofuata mkono wake ukaenda ulikozoea kwenda miaka saba. Mtu anayepima mpaka sukari ya chai yake, ndiyo maana wakamwita Kipimo, alimpelekea mkewe sumu imefungwa kwenye karatasi safi, akapewa na busu la shavu.

Akakaa juu ya ndoo.

"Ni mimi," alisema. "Nimemlisha mtoto wangu risasi."

"Tangi la nne nilipima mwenyewe," alisema Mkemia. "Risasi imo nyingi. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama akiila, humvuka ikaenda kwa mtoto, na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Lakini hatujui imeingia kiasi gani. Nesi wetu ana mashine ya kupimia damu ya wachimbaji, jibu linatoka kwa dakika tatu. Chukua gari langu. Kamlete mkeo."

Kipimo alisimama, akapokea ufunguo.

"Ngoja," alisema Mkemia. "Nina sharti. Utamwambia ukweli kabla sindano haijamgusa. Wewe, kwa mdomo wako."

"Nitamwambia."

Nje, Mzee Stoo alikuwa bado amesimama, chai imepoa. Kipimo alijaribu kupiga magoti.

"Mzee, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu na kosa ni langu."

"Inuka!" Mzee alimshika mkono. "Kamlete mkeo kwanza. Mimi utaniomba radhi hata mwaka kesho, sihami."

Upole ule ulimuuma Kipimo kuliko kama angetukanwa.

* * *

Unadhani alimwambia? Thubutu!

"Kampuni imeanza kupima familia za wafanyakazi," alisema, macho barabarani, mkewe pembeni amejikunyata na mkanda wa gari juu ya tumbo.

"Ghafla hivi? Nina gauni la bibi harusi la kumaliza!"

"Ni dakika tatu tu."

"Na mbona unatokwa jasho?"

"Joto."

Mara nne alifungua kinywa ili aseme. Mara nne akakifunga. Alikuwa anajiambia asubiri jibu kwanza, huenda hakuna kitu, kwa nini amtie mama mjamzito hofu ya bure? Maneno matamu, na Kipimo mwenyewe alijua ni ya mwoga.

Zahanati ya mgodi ni chumba kimoja chenye pazia. Mkemia alikuwa amekwisha fika, ameegemea ukuta. Alimtazama Kipimo kwa swali. Kipimo akainamisha kichwa, na Mkemia akakunja ndita, lakini Nesi tayari alikuwa ameshika kidole cha mke wa Kipimo.

"Utasikia kama mdudu tu."

Tone moja likaingia kwenye mashine ndogo. Dakika tatu zikaanza kutembea. Mkewe alikuwa anamweleza Nesi habari za gauni la bibi harusi, shanga mia ngapi sijui, na Kipimo alikuwa amesimama nyuma ya pazia akimwomba Mungu kwa ahadi ambazo hata mtakatifu asingeweza kuzitimiza. Atanyooka. Ataacha uongo. Ataacha kazi yenyewe.

Mashine ikalia.

"Damu safi," alisema Nesi. "Hata yangu haijafikia usafi huu."

Kipimo alishika ukingo wa kitanda. Machozi yalimtoka, akayafuta haraka kabla mkewe hajageuka. Damu safi! Mtoto mzima! Na papo hapo, msomaji, zile ahadi zote zikayeyuka. Alikuwa keshaanza kupanga. Kijiti atakitupa shimoni. Mke hatajua kitu. Atamnunulia Mzee Stoo miwani mpya. Mambo kwisha.

"Rudia," alisema Mkemia.

"Mama, imesoma vizuri," alisema Nesi.

"Rudia. Kidole kingine."

Nesi alirudia. Dakika nyingine tatu. Jibu likawa lile lile, na Mkemia hakufurahi hata kidogo. Alivuta kiti akaketi mbele ya mke wa Kipimo.

"Mwanangu, mtu angekula vijiti vitano vya udongo ule, mashine hii ingesoma juu sana. Hukuvila wewe. Vimekwenda wapi?"

Mke wa Kipimo alimtazama Mkemia, akamtazama Nesi, kisha akamgeukia mumewe.

"Ukungu gani huu unaopimwa kwa damu?"

Hapakuwa na mlango wa kutokea. Kipimo akasema. Alisema yote bila kituo, tangi la nne, waya ulioungua, trei, kibao ambacho hakukitundika, karatasi safi ya Ijumaa. Alisema alivyomtukana mzee wa watu. Alisema alijua tangu saa sita mchana, na kwamba alinyamaza kwa sababu aliogopa kazi, na zaidi aliogopa jinsi mkewe atakavyomwangalia.

Sasa mkewe alikuwa anamwangalia hivyo.

"Tangu saa sita," mke alisema.

"Ndiyo."

"Ukanipakia kwenye gari na uongo wako."

"Ndiyo. Nimekosa, mke wangu. Nipige, nitukane, fanya utakalo."

Mkewe hakumpiga. Hakumtukana. Mikono yake haikwenda kwenye tumbo. Alijishika kichwa.

"Mungu wangu," alisema. "Wifi. Mungu wangu, wifi!"

"Wifi gani?" aliuliza Kipimo. "Mimi nina dada mmoja tu."

"Huyo huyo!"

"Dada ana nini? Dada anataka udongo wa nini?"

Mkewe alianza kulia kwa sauti. Maneno yalimtoka vipande vipande, ikabidi Nesi amshike bega ili aeleweke.

"Ana mimba. Miezi mitano. Alinifuata Jumamosi nimpanulie gauni. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote. Zile tatu zilizotoka, alisema, alizitangaza mapema mno. Hii akasema hataisema mpaka amshike mtoto mikononi. Hata wewe usijue. Hasa wewe, kwa sababu ile ya mwisho ulilia kuliko yeye."

Kipimo alivua kofia.

"Akakiona kifurushi mezani," mke aliendelea. "Akaonja kimoja. Akasema hajapata kula udongo mtamu kama huo. Mimi sikuwa na hamu siku hiyo, nikamfungia vyote, nikajibakizia kimoja. Leo ndiyo nimeking'ata, nikaona kina ladha ya msumari, nikatema dirishani. Ulipouliza, ningekujibu nini? Nilikuwa nimeapa!"

Niwakumbushe wale ambao hawakuwa nasi mwanzo: dada huyu si dada wa kukutana kwenye harusi tu. Mama yao alipokufa, Kipimo alikuwa na miaka mitano. Dada ndiye aliyembeba mgongoni akiwa msichana wa miaka kumi na tano, akamwogesha, akamfundisha kuhesabu kwa punje za maharage. Sasa ana miaka arobaini na moja, na miaka kumi na sita ya ndoa bila mtoto. Katika dunia hii yote, kama kuna mtu Kipimo angetoa figo yake ampe, ni huyo.

"Piga simu," alisema Mkemia.

Vidole vya Kipimo vilikosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaita. Nesi akamwonyesha kwa ishara aweke sauti ya nje wote wasikie.

"Mdogo wangu!" Sauti ya dada ilijaza chumba. "Leo jua limetokea wapi hata ukanikumbuka mchana?"

"Dada..."

"Aa! Hiyo sauti naijua. Wifi amekwambia!" Akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa anatamani siri imtoke. "Nilijua hatamaliza wiki. Mwambie namsamehe. Na wewe usilie, nakukataza. Safari hii mambo ni mazuri. Jana usiku amepiga teke, shemeji yako akaweka mkono, weee, teke hilo, baba! Nikamwambia akiwa wa kiume tunampa jina la mdogo wangu."

Kipimo alifunga macho. Mkewe alikuwa amemshika mkono, na hakujua ameshikwa saa ngapi.

"Dada, nisikilize. Ule udongo."

"Mtamu huo! Wifi aliniambia ni wewe uliyeuleta. Nikajisemea, unaona, nilimlisha yeye, sasa ananilisha mimi na hata hajui. Leo umenifaa zaidi. Tumbo linanikata tangu asubuhi, linakuja linaondoka, ndiyo nikasema nijitulize na hiki cha mwisho."

Kila mtu mle ndani alisikia. Kwenye simu, kati ya neno na neno, palikuwa na mlio mdogo wa kutafuna.

Nesi alikwisha chukua mkoba wake. Mkemia alikwisha chukua ufunguo wa gari. Walimwangalia Kipimo, na hakuna aliyemsaidia, maana hili hakuna mtu ambaye angeweza kulisema kwa niaba yake.

"Dada, acha kutafuna," alisema. "Huo udongo ni sumu. Una risasi ya mgodini. Ni mimi niliyeuchukua, ni mimi niliyekosea, na nilijua tangu mchana nikanyamaza."

Mlio wa kutafuna ukakoma.

Wakasubiri. Dada aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mdogo wangu, nitanie kwa lolote. Usinitanie kwa mtoto huyu."

"Sikutanii, dada."

Kitu kikaanguka kwa kishindo. Simu haikukatika. Kwa mbali, ndani ya nyumba ile ambayo ni mwendo wa nusu saa kwa gari, Kipimo alimsikia shemeji yake akiingia chumbani na kuuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mke wangu, mbona umekaa sakafuni?" Kisha akamsikia akiuliza tena, na safari hii alikuwa anapiga yowe.